Umeshinda Mnada wa Mtandaoni na Muuzaji Amenuna: Usimame, Uachie, Uongeze au Ushtaki?

Mnada ulifungwa saa nne kasoro dakika kumi usiku wa Jumapili, na cherehani ya mkono ya Singer 99K, ile ndogo iliyotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank huko Scotland, ikawa yangu kwa pauni 31. Nilikuwa nimeitafuta kwa miezi kadhaa kwenye eBay ya Uingereza kwa ajili ya shangazi yangu aliyeko Tanga, ambaye haamini cherehani yoyote inayotegemea umeme. Kabla sijafunga kompyuta, ujumbe wa muuzaji ulikuwa umekwisha kuingia. Alieleza kwamba alitarajia si chini ya pauni 120, kwamba wanunuzi wa mtandaoni ni wanyonyaji, na kwamba kwa bei hiyo ingekuwa heri aiache stoo. Katika mnada wa uwanjani, dalali akishagonga nyundo, mwenye mali hununa mbele za watu na mali huondoka. Katika mnada wa mtandaoni hununa peke yake, nyumbani kwake, huku mali ikiwa bado mikononi mwake. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mnunuzi alazimike kuchagua la kufanya.

Njia zilizopo ni nne: kusimama kwenye haki yako mpaka upewe mali, kuachia na kurudishiwa fedha, kuongeza bei ili muuzaji aridhike, au kumshtaki. Watu wengi huanza kwa kuuliza nani ana haki, na jibu la swali hilo kwa kawaida ni jepesi, kwa kuwa haki ni ya aliyeshinda. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ukiikosa mali hii, kuipata nyingine kama hiyo kutakugharimu kiasi gani zaidi ya bei uliyoshindia? Tofauti hiyo ya bei ndiyo hasara yako halisi, na ndiyo niliyoitumia kupima njia zote nne. Iandike kwenye karatasi kabla hujajibu ujumbe wowote, kwa sababu hasira ya usiku ule huifanya pauni kumi ionekane kama mia.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, lipa. Masharti ya eBay humpa mshindi siku nne, na zikipita muuzaji ana ruhusa ya kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa, na doa linabaki kwenye akaunti yako. Wapo wanaosita kulipa kwa kuwa muuzaji amekwisha kuonyesha kisirani, wakidhani kwamba wanailinda fedha yao, kumbe wanamfungulia mlango aliokuwa akiutafuta. Fedha iliyopita kwenye malipo ya eBay yenyewe ina dhamana ya kurudishwa, lakini iliyotumwa benki kwa benki, au kwa PayPal, huduma ya kutuma fedha mtandaoni, kwa njia ya marafiki na ndugu, haina. Ukishalipa, piga picha ya skrini ya tangazo zima pamoja na picha zote za bidhaa, maelezo, idadi ya madau na bei ya mwisho, kwani tangazo linaweza kubadilika na mali bila daftari huisha bila habari.

Inafaa pia kuyapima malalamiko ya muuzaji kwa haki. Mfumo ulimpa milango mitatu ya kujilinda. Angeweza kuanzisha mnada kwa bei ambayo isingemuumiza. Angeweza kuweka bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa halazimiki kuuza. Na kama angeshtuka mapema, angeweza kufuta madau na kusitisha mnada wakati zimebaki zaidi ya saa 12. Zikibaki pungufu ya hapo na madau yapo, njia pekee ya kuufunga mnada ni kumuuzia aliye juu. Aliyeanzisha cherehani kwa pauni moja ili awavute watu wengi amecheza kamari yake mwenyewe. Ninamhurumia, kwa maana hata mimi nimewahi kuuza redio nzuri kwa bei ya mkate, lakini huruma hiyo si deni.

Kusimama na kuachia ndizo njia mbili ambazo wengi watachagua kati yake, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu kidogo.

Anayesimama huandika ujumbe mfupi, hapo hapo ndani ya eBay na si kwa simu wala WhatsApp, usio na kejeli wala maelezo ya sheria. Mimi niliandika kwamba nimelipa saa nne na robo usiku, kwamba naelewa bei haikuwa aliyoitarajia, kwamba naisubiri cherehani kwa tarehe iliyotangazwa, na kwamba niko tayari kuifuata mwenyewe Jumamosi kama kuifungasha ni usumbufu. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Muuzaji aliyenuna mara nyingi ameanza kuhesabu gharama za sanduku na posta juu ya bei iliyomsikitisha, na ukimwondolea mzigo huo huenda kinyongo kikapungua. Ukienda kuichukua mwenyewe, eBay ya Uingereza hukupa namba ya siri ya tarakimu sita au picha ya mraba ya kuskani (QR), ambayo muuzaji huitumia kuthibitisha kwamba umekabidhiwa mali. Usiionyeshe kabla hujainua mfuniko, ukazungusha gurudumu na kuona sindano inapanda na kushuka.

Faida ya kusimama ni kwamba ndiyo njia pekee kati ya hizo mbili inayoweza kukupa mali kwa bei uliyoshindia. Udhaifu wake, ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa, ni kwamba eBay inaweza kukurudishia fedha na inaweza kumtia muuzaji doa, lakini haiwezi kuingia stoo kwake ikaitoa cherehani. Asipotuma, unapaswa kusubiri mpaka tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika ipite, ndipo ufungue dai la bidhaa kutofika. Una siku 30 za kufanya hivyo, muuzaji ana siku tatu za kazi za kujibu, na asipokutatulia ndipo unaiomba eBay iingilie. Kwa hiyo unaweza kusimama imara kwa wiki tatu au nne, ukashinda kila hatua, na mwisho ukapata kile kile ambacho angepata mtu aliyeachia siku ya pili, yaani fedha yake. Zaidi ya hapo, mali iliyotumwa kwa shingo upande ina njia zake za kuumia. Kitu cha chuma kizito kilichowekwa ndani ya boksi la viatu na gazeti moja hakifiki salama, na ingawa dhamana itakurudishia fedha kwa kuwa kilichofika si kilichotangazwa, cherehani yenyewe itakuwa imekufa, na nyingine ya aina hiyo haitengenezwi tena.

Anayeachia hukubali kwamba mali imekwenda na huhakikisha fedha inarudi upesi. Njia hii ina sifa mbaya kwa sababu inafanana na kushindwa, na nadhani ndiyo maana watu huichelewesha. Hata hivyo, kwa bidhaa inayopatikana kila wiki, kama simu iliyotumika, viatu au kamera ya kawaida, ndiyo iliyo bora mara nyingi, kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo na wakati wako una thamani. Ina sharti moja tu, na hapo ndipo watu wengi hutegwa.

Muuzaji anayefuta mauzo hutakiwa kutaja sababu. Akisema kwamba bidhaa haipo au imeharibika, kufuta huko huhesabiwa dhidi yake kama kasoro. Akisema kwamba ni mnunuzi aliyeomba, hahesabiwi chochote. Kwa hiyo muuzaji aliyejuta huja na lugha laini: tafadhali bonyeza ombi la kufuta, nitakurudishia fedha leo leo, itakuwa haraka zaidi kwako. Si haraka zaidi kwako, kwa sababu fedha hurudi kwa njia ile ile, awe amefuta yeye au umeomba wewe. Anachokuomba ni kwamba utie sahihi uongo unaomsafisha. Jibu linalotosha ni kwamba huna pingamizi yeye akifuta, ila wewe hujaomba na hutaomba. Ukiachia kwa namna hii, umepoteza bei lakini kumbukumbu imebaki kama mambo yalivyotokea, na mnunuzi atakayekuja baada yako ana cha kusoma.

Muuzaji wangu hakunituma nibonyeze chochote. Jumatatu mchana aliandika kwamba cherehani ilimponyoka wakati akiifungasha na mkono wa kuizungushia ukavunjika. Niliomba picha ya mkono huo uliovunjika, lakini picha haikuja. Jumanne alifuta kwa sababu ya uharibifu, na fedha ikarudi. Alhamisi cherehani ile ile ikatangazwa tena kwa bei ya kuanzia ya pauni 99, ikiwa na mkono mzima na kovu lile lile la umbo la mwezi mchanga kwenye mfuniko wa mbao, upande wa kushoto, ambalo nilikuwa nimelikuza kwenye skrini mara kumi kabla ya kuweka dau. Nilimpigia shangazi nikiwa nafoka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akauliza, "Pesa yako imerudi?" Nikamjibu, "Imerudi, shangazi." Akasema, "Basi mwachie, mwanangu, ukanitafutie nyingine." Baada ya wiki tatu nilipata nyingine kwa pauni 44. Hasara yangu yote ilikuwa pauni 13, na kwa pauni 13 njia mbili zilizobaki zinaonekana kwa sura yake halisi.

Kuongeza bei ndiyo njia ninayoikataa karibu kila mara. Muuzaji akikuomba pauni 40 juu ya bei uliyoshindia, ilhali soko lingekupatia mali kama hiyo kwa nyongeza ya pauni 13, kumridhisha ni ghali kuliko kumwachia. Tena nyongeza hiyo karibu daima huombwa nje ya mfumo, ambako dhamana haifiki, na mtu aliyevunja neno mara moja kwa bei ana njia nyeupe ya kulivunja mara ya pili akishapokea. Naijua hali moja tu inayostahili kufikiriwa, nayo ni muuzaji mdogo aliyekosea gharama za posta bila hila, kwa mfano aliyeandika pauni 4 kwa mzigo ambao posta inautoza pauni 15. Hata hapo, kujitolea kuufuata mzigo au kumtumia msafirishaji wako ni bora kuliko kutuma fedha za ziada.

Kushtaki ni mazungumzo mengine kabisa, na watu hulidharau au hulitukuza kupita kiasi. Sheria iko upande wa mshindi katika nchi nyingi zilizowahi kulipima jambo hili. Nchini Australia, mwaka 2006, mtu mmoja alitangaza kwenye eBay ndege ya zamani ya kijeshi ya aina ya Wirraway, mnunuzi akaifikia bei ya dola 150,000 za Australia, na muuzaji akakataa kuikabidhi kwa kuwa alikuwa na mtu mwingine wa kumlipa dola 100,000 zaidi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya New South Wales, katika shauri la Smythe dhidi ya Thomas, iliamua kwamba mkataba ulikuwa umekamilika na ikaamuru ndege ikabidhiwe kwa bei ya mnada. Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya nchi hiyo, iliyoko mjini Karlsruhe, iliamua kesi ya gari la VW Passat lililoanzishwa kwa euro 1. Muuzaji aliusitisha mnada kwa kuwa alipata mtu wa pembeni wa kumpa euro 4,200, wakati huo mwenye dau akiwa peke yake kwa euro 1. Gari lilikuwa na thamani ya euro 5,250, na mwenye dau akapewa fidia ya euro 5,249. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ilimhukumu muuzaji wa VW Golf aliyekuwa akijiwekea madau kwa akaunti ya pili ili kupandisha bei. Madau yake hayakuhesabiwa, gari likaonekana liliuzwa kwa euro 1.50, na fidia ikakadiriwa kwa thamani yake ya euro 16,500.

Angalia jinsi hukumu za Kijerumani zinavyohesabu: thamani ya soko ukitoa bei ya mnada. Sheria ya Uingereza ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1979 inakwenda kwa hesabu hiyo hiyo, kwani kifungu cha 51 kinampa mnunuzi aliyenyimwa mali tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko, pale ambapo soko la bidhaa hiyo lipo. Kifungu cha 52 kinairuhusu mahakama kuamuru mali yenyewe itolewe, na hapo ndipo kitu kisicho na mfano wake, kama ile ndege, kinapotengana na cherehani iliyotengenezwa kwa wingi. England na Wales hupokea madai ya hadi pauni 10,000 kwa utaratibu wa madai madogo, usiohitaji wakili, na Scotland ina utaratibu wake wa hadi pauni 5,000. Madai ya mkataba England hayafi mpaka ipite miaka sita, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua kesi ukiwa bado na hasira.

Ugumu wake uko penye mambo madogo. Huwezi kulishtaki jina la akaunti, bali unahitaji jina la mtu na anwani yake. Utalipa ada ya kufungua, utaandika barua ya onyo kwanza, utatenga siku ya kusikilizwa, na ukishinda hukumu ni karatasi mpaka mtu alipe. Kwa gari, saa ya thamani, ala ya muziki au mashine ya kazi, ambako tofauti ya bei inafika mamia au maelfu ya pauni, hesabu hiyo inakubali, na barua ya onyo iliyoandikwa vizuri ikiambatana na zile picha za skrini inaweza kumrudisha muuzaji kwenye akili zake kabla ya mahakama. Chini ya pauni mia moja, sioni. Anayenunua kwa muuzaji aliyeko Kenya ana Mahakama ya Madai Madogo yenye mpaka wa shilingi milioni moja, lakini mahakama hiyo haitamsaidia kwa muuzaji wa Birmingham.

Msomaji aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, anayeagiza kupitia wakala wa mizigo wa Uingereza au Marekani, anapaswa kuipanga upya mizani yote niliyoieleza. Dhamana ya eBay haifuati bidhaa iliyofika kwenye anwani ya kwanza kisha ikasafirishwa tena kwenda kwingine. Mzigo uliofungashwa kwa kinyongo utapokelewa ghalani kwa wakala, utapewa namba, utaingia kontena, na hakuna atakayeufungua mpaka ufike kwako, wakati ambapo fedha haidaiki tena. Kwake, muuzaji anayenuna kabla ya kutuma ni ishara ya kuachia mapema hata kama tofauti ya bei inauma, isipokuwa kama wakala wake yuko tayari kuufungua mzigo siku unapopokelewa na kumtumia picha. Hata mimi, kama ningeituma ile cherehani moja kwa moja kwa wakala badala ya kuipokea nyumbani, nisingesimama hata siku hiyo moja niliyosimama.

Limebaki suala la maoni, ambalo watu hulitumia kama silaha ilhali ni kumbukumbu tu. Tangu mwaka 2008 muuzaji hana ruhusa ya kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo hofu ya kulipiziwa haina msingi, na una siku 60 za kuandika. Usiyatumie kumtisha kwa kusema nipe au nitakuchafua, kwa kuwa kanuni zinakataza na unaweza kuonekana wewe ndiye mkosaji. Subiri fedha irudi, halafu andika kilichotokea bila kivumishi hata kimoja. Yangu yalisomeka hivi: alifuta siku mbili baada ya mnada kufungwa akisema imevunjika, na siku mbili baadaye akaitangaza nzima kwa pauni 99.